Mioyo Chini ya Gato Yake

Picha iliingia asubuhi, nikiwa nyuma ya nyumba yetu kule Katoyi, nasugua vyombo vya kuokea kwa majivu. Simu nilikuwa nimeiweka juu ya ukuta wa mawe. Ilitetemeka mara moja, nikaiacha. Ikatetemeka tena na tena, mpaka ikaanza kusogea yenyewe kuelekea ukingoni, nikaidaka kwa mkono wenye povu.

Ilikuwa picha ya gato ya harusi. Sisi watu wa Goma hatusemi keki, tunasema gato, na hiyo ndiyo kazi yangu, ndiyo iliyosomesha watoto wangu. Gato hii ilikuwa ya ghorofa tatu, nyeupe, na kutoka juu hadi chini ilizungukwa na maua ya kahawa, yale madogo yanayochanua baada ya mvua na kubanana kwenye tawi. Mwenye kazi aliyafinyanga kwa sukari, ua moja moja, akayawekea na majani yake ya kijani yanayong'aa. Chini ya picha aliandika tu: "Bamama, ni kazi ya jana. Mungu asifiwe." Na chini ya maneno hayo ilikuwa inajipanga mioyo myekundu, kila nikitazama imeongezeka.

Niliikuza picha kwa vidole viwili. Nilitafuta ufa. Nilitafuta ghorofa iliyoinama, krimu iliyotoka jasho, alama ya kisu. Sikupata. Nilijisikia kama mtu aliyemeza bugali wa moto mbele ya wageni, hawezi kuutema na hawezi kufungua mdomo. Kisha, kwa kuwa mimi ndiye msimamizi wa grupu yetu ya simu ya wapishi wa gato na watu walikuwa wananingoja, nikaweka moyo mwekundu na mimi. Nikarudi kwenye majivu yangu, nikasugua chombo kilichokuwa kimekwisha kutakata.

Grupu hiyo niliianzisha mwenyewe na mama wawili tuliofahamiana jikoni kwenye sherehe za ndoa. Ilikuwa ya kusaidiana. Mtu anauliza kwa nini gato yake imezama katikati, mwingine anamjibu kwamba amefungua furu, jiko la kuokea, mapema. Umeme ukikatika ghafla, mwenye furu ya makala, yaani makaa, anamwambia mwenzake alete unga wake. Tuliazimana vyombo, tuliambiana duka gani majarini yake inanuka. Asubuhi tulisalimiana kama watu waliokutana mlangoni mwa kanisa. Mlima wetu wa moto ukitoa moshi mwingi kuliko kawaida, kuna aliyeandika sala, na sisi wote tuliandika amina.

Kisha kila mama akaleta rafiki yake, na rafiki akaleta wifi yake, na ikafika siku ambayo sikuwajua tena nusu ya watu waliokuwa ndani. Niliona namba, niliona picha ya ua, ya mtoto, ya Bikira Maria. Vita ikaingia mjini. Mabenki yakafungwa, harusi zikapungua, watu wakaanza kufunga ndoa kwa soda na mikate. Wapishi wa gato tulibaki walewale, wenye furu baridi na simu mkononi mchana kutwa. Zamani tulikuwa tukiandika haraka kwa sababu kazi inangoja. Sasa hakukuwa na kilichotungoja.

Mwenye gato ya maua ya kahawa nilimwingiza mimi. Alikuwa mama wa upande wa Rutshuru, mzungumzaji wa Kinyarwanda, aliyekimbia na familia yake akaishi kambini Kanyaruchinya. Kambi zilipobomolewa, hakurudi kwao. Alipanga nyumba ya mbao pembeni ya barabara ya Sake, karibu na Mugunga. Mteja wangu mmoja aliniambia kuna mama kule anaoka vizuri lakini hana watu. Nilimpigia simu. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, tangu neno la kwanza, ingawa nadhani tumelingana miaka. Nikamwona mtu wa kuonewa huruma, na huruma ile ilinikaa vizuri. Sikuwa nimejua bado mikono yake inaweza nini.

Jioni ya siku ile ya picha, jirani yangu, ambaye na yeye yumo kwenye grupu, alikuja kuomba chumvi. Alisimama kwenye uzio akiwa na simu yake.

"Uliona ile gato?" akaniuliza.

"Niliiona."

"Ni mzuri, eh?"

"Ni mzuri kwa foto," nikasema. "Lakini ile krimu yake ni sukari tupu. Nilishaionja kwa ubatizo mumoja. Ni tamu kupita."

Hilo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimeionja, na ilikuwa tamu kupita kiasi. Jirani akacheka, akachukua chumvi yake, akaenda. Nilijisikia nafuu, kama mtu aliyelegeza kanga kiunoni.

Kesho yake mama mmoja ambaye picha yake ni alizeti, na ambaye sikuwa namjua kwa sura, aliandika kwenye grupu: "Kuna gato za kulisha macho. Ukiweka mudomoni, unakunywa maji ndoo muzima." Hakutaja mtu. Hakuna aliyehitaji kutajiwa. Zikaja nyuso za kucheka, safu kwa safu. Nilikumbuka kwamba wiki iliyotangulia mama huyohuyo alieleza vizuri sana jinsi ya kuoka kwa makala bila kuunguza chini, na alipata asante mbili, moja ikiwa yangu.

Kuanzia hapo ikawa kama ngoma ambayo kila anayeingia uwanjani anataka kuruka juu kuliko aliyetoka. Mwingine akaandika kwamba ile foto alikwisha kuiona kwenye mtandao, ni kazi ya Wahindi. Wakacheka zaidi. Mama wa alizeti akarudi: maji ya kupikia yanatoka wapi kule Mugunga, mtu asije akafunga ndoa na kipindupindu. Wakacheka mpaka na walio kimya siku zote wakaonyesha meno. Mwenye gato mwenyewe aliandika mara moja tu: "Bamama, ile foto ni ya simu yangu. Ninaweza kuwatumia zingine." Akatuma nyingine tatu, za gato ikiwa nusu, mikono yake ikionekana. Kwa nini ana haraka ya kujitetea, mmoja akauliza.

Mimi nilikuwa nasoma yote. Nilisoma nikimenya viazi, nilisoma nikingoja maji. Sikuandika neno. Lakini kila kicheko kilipoingia kilinikuna mahali palepale palipokuwa panawasha, na nilipoona kimya kimeingia nilifungua simu kutazama kama kuna jipya.

Alikuwepo mama mmoja mzee, mwalimu wa ususi na upishi aliyestaafu, ambaye sisi wengi tulijifunza kwake. Aliandika kwa taratibu yake: "Watoto wangu, tuchunge mudomo. Huyu naye ni mwenzetu."

Jibu lilikuja kabla sijamaliza kusoma: "Mama, uulize admin. Yeye mwenyewe alisema ile gato haistahili kuliwa."

Nilikaa chini. Sikuwa nimesema hivyo. Nilisema tamu. Kutoka kwenye uzio wangu hadi pale, tamu ilikuwa imekua, imeota ndevu. Na ningeandika nini? Kwamba nilisema krimu yake ni sukari tupu, lakini si kwa namna hiyo? Nikiwa bado natafuta maneno, mama mzee akatoka kwenye grupu. Wengine wachache wenye heshima zao wakamfuata kimyakimya. Waliobaki na roho safi wakanyamaza, kila mmoja akiogopa kuwa wa pili kukemea. Kwa mtu anayesoma kutoka nje, ilionekana sote tumekubaliana.

Kisha ikaja ile ambayo nilijua moyoni kwamba ingekuja. Namba ya nchi nyingine, bila picha, ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliileta, iliandika: "Batu ya kule barudi kwabo bakaoke kule. Harusi ni ya benye inchi."

Safari hii nyuso za kucheka zilikuwa chache. Lakini zilikuwepo.

Mimi nilizaliwa upande wa Bukavu. Tulipohamia Goma nilikuwa msichana, na mama yangu aliuza ndizi mbivu sokoni. Siku moja mama wa meza ya jirani, ambaye wateja wake walikuwa wameanza kuja kwetu, alimwambia mbele ya watu kwamba Washi, ndio sisi, warudi kwao wakauze ndizi zao kule. Mama alipanga upya ndizi zake zilizokuwa zimekwisha kupangwa. Nyumbani hakusimulia. Nilisimulia mimi, baba akasema tule kwanza. Ninajua basi neno lile huanzia wapi. Halianzii kwenye kabila, linaanzia kwenye meza ya jirani yenye wateja. Kabila hufuata baadaye, likitafutwa kama fimbo iliyo karibu na mkono.

Nikiwa na simu ile mkononi, nimekasirika na bado sijaandika kitu, mgeni akabisha hodi. Alikuwa shangazi wa bibi harusi mmoja, mama mnene mwenye sauti, kitenge kipya. Harusi yao nilikuwa nimeisikia. Ilikuwa harusi kubwa, labda kubwa kuliko zote mwaka ule, na niliumia nilipojua gato wamempa yule wa Mugunga.

"Mama," akasema kabla hajakaa vizuri, "tunakuja kwako. Weye njo utatufanyia gato."

"Si muliisha kupata mutu?"

"Tulimuacha. Banasema iko muchafu. Batu bote kwa grupu banasema."

"Nani alisema?"

Akanitazama kama ninamfanyia mchezo. "Si ni weye? Banasema admin mwenyewe ndiye alisema."

Sitadanganya kuhusu nilichosikia kifuani. Kitu cha kwanza kilikuwa furaha. Niliiona gato ile mezani, yangu, ghorofa nne, na picha yake kwenye grupu, na mioyo. Yote yalikuwa yameletwa mpaka kwenye kiti changu, sikuwa na haja hata ya kunyoosha mkono. Kama shangazi yule angenyamaza wakati ule, sijui ningesema nini. Lakini aliendelea: "Na kweli, mutu wa kambi atajua nini ya harusi?"

Aliyasema bila ubaya, kama anayetaja hali ya hewa. Ndipo nilipoona kwamba huyu mama hakuwa na wivu wowote. Hakuwa mpishi, hakuwa na furu baridi. Aliyabeba maneno yetu kama mtu anavyobeba mzigo wa mwenzake kwenye pikipiki, bila kujua kuna nini ndani.

"Mimi nilisema krimu yake ni tamu sana," nikamwambia. "Sikusema iko muchafu. Nyumba yake sijafika hata siku moja."

"Basi ni sawa tu."

"Haiko sawa. Simama, twende tukaonje."

Hakutaka. Nilimwambia kama hatutaenda, na mimi sitaoka. Hapo akasimama.

Tulipanda pikipiki mbili mpaka Mugunga. Nyumba ya mbao ilikuwa imesimama juu ya mawe meusi, mbele imefagiliwa mpaka mawe yenyewe yanang'aa. Maji yalikuwa kwenye mapipa mawili yenye vifuniko, pembeni kuna kopo la dawa ya kuyasafishia. Nilitazama kila kitu kwa jicho la adui, nakiri, nikiomba nipate hata nzi mmoja. Kitambaa kilichofunika meza kilikuwa cheupe kuliko changu.

"Karibu, yaya," akasema. Alimkaribisha na shangazi pia, kwa heshima, ingawa alijua kwamba ndiye aliyempigia simu asubuhi ile kumvunjia kazi. Alitukatia kipande cha gato aliyokuwa amejaribia. Nikaweka mdomoni.

Ilikuwa laini namna ambayo mimi sijawahi kuipata, pamoja na miaka yangu yote. Ilikuwa na ladha ya kahawa kwa mbali, kama harufu ya chumba ambamo mtu amekunywa akatoka. Krimu ilikuwa tamu mno bado. Kasoro ilikuwa hiyo peke yake. Ningekuwa mimi nina mkono ule, nisingelala usingizi wa njaa hata siku moja. Nilimeza polepole ili nisilazimike kusema haraka.

"Eh," shangazi akasema, akanyoosha sahani apewe tena. "Eh!"

Yule mama hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Yaya, krimu yangu iko na sukari mingi kweli?"

"Kidogo," nikasema. "Ni mingi. Ungetia ndimu."

"Juu ya nini haukuniambia mimi?"

Namba yake nilikuwa nayo. Mimi ndiye niliyemwingiza.

"Ungeniambia mimi," akasema, "ningepunguza siku ileile." Kisha akakaa kwenye kigoda, akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ile ya kambi, nilishaizoea. Ile ya kurudi kwetu, nilishaizoea pia. Ile ya kusema niliiba foto, hapana. Yale maua nilifanya mpaka vidole vikakataa kujikunja. Waseme ni mbaya. Lakini waseme ni yangu."

Shangazi, mdomo umejaa, alisema kazi ni yake, wasahau yaliyopita. Yule mama akamjibu kwa upole kwamba ataifanya, lakini aje yeye mwenyewe kwenye grupu aseme alichokiona. Shangazi akaahidi. Hakufanya. Nilijua hatafanya.

Niliporudi nyumbani nilifunga grupu kwanza, nikaiweka kwamba msimamizi peke yake ndiye anayeweza kusema. Nikairekodi sauti yangu badala ya kuandika, kwa sababu nilitaka wanisikie nikihema. Nilieleza nilichosema kwenye uzio, neno kwa neno, na nilichokikuta Mugunga, mapipa na kitambaa. Nikasema kwamba gato yake ni nzuri kuliko yangu. Sentensi hiyo niliirekodi na kuifuta, nikairekodi tena, sauti ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Nikaiacha hivyo. Namba ya nchi nyingine niliitoa. Mpaka leo sijui ilikuwa ya nani.

Mama wa alizeti sikumtoa. Nilimpigia. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, nimekunja mikono ya blauzi kabisa. Sauti iliyopokea ilikuwa ndogo, ya mtu anayeomba radhi kabla ya kusema halo. Tulipoelezana tukagundua tunasali misa moja. Ni yule mjane anayekaa karibu na nguzo, anayeshika kitabu cha nyimbo bila kukifungua. Tangu vita iingie mjini hakuwa ameoka gato hata moja ya mtu.

"Mama, mi sina kitu na ule mama," akaniambia. "Simujue hata. Niliandika kidogo, nikaona banacheka. Kwa nyumba hapa hakuna mutu anacheka na mimi. Basi nikaandika tena."

Alilia. Nilimsikiliza nikiwa nimesimama mlangoni, na sikuwa tena na hasira ya kutosha kumaliza niliyokuwa nimepanga kusema. Nilimwomba akamwombe radhi yule wa Mugunga kwa miguu yake, si kwa simu. Alikwenda. Walivyozungumza sikuambiwa, ila tangu siku hiyo mjane huvunja mayai na kuchekecha unga kule mara mbili kwa juma, na kurudi na mkate.

Jirani yangu wa chumvi alisema nimemuumbua. Sikuwa nimemtaja, lakini uzio unajulikana. Yeye na wengine walianzisha grupu nyingine ambayo mimi simo. Ninaambiwa kule sasa gato inayokatwa ni mimi: kwamba nimehongwa, kwamba nimekwisha, kwamba furu yangu imepasuka. Furu yangu haijapasuka. Mama mzee wa ususi nilimfuata nyumbani kumwomba arudi kwetu. Alinipa chai, akasema simu inamuumiza macho. Grupu yetu imebaki na watu wachache ninaowajua sura, na siku nyingine hakuna anayeandika hata salamu. Ninapakumbuka palipokuwa na kelele nzuri, zamani, na sijui kama patarudi.

Baada ya muda kukawa na upadrisho, sherehe ya padri mpya wa familia moja yenye watu wengi. Kazi walimpa yeye. Furu yake ilikuwa ndogo kwa ghorofa ya chini, akanipigia: "Yaya, unisaidie." Niliioka kwangu, kwa unga wangu, nikaisafirisha mapajani ndani ya teksi nikimlaani dereva kwenye kila jiwe. Tulipanga pamoja. Krimu ilikuwa na ndimu sasa, na haikuwa na kosa lolote la kushikilia.

Watu walisimama kuipiga picha. Walimshika mkono, walimwita fundi, mama mmoja alimkumbatia mpaka aproni ikamfunguka. Yeye alikuwa akigeuka kunitafuta anionyeshe kwa watu, na mimi nilikuwa nimesimama kando ya nguzo ya hema, nimeng'ata meno, natabasamu. Bwana mmoja aliyevaa suti aliniinamia akaniuliza kama mimi ndiye msaidizi wa yule mama.

"Ndiyo," nikasema, nikaenda kutafuta sahani.